Ndege wa Mwisho Kabla ya Safari: Mwongozo wa Kutazama na Kuandika Kumbukumbu za Ndege Wahamao Dodoma, Februari hadi Mei

Kila mwaka ifikapo Machi, watazamaji wa ndege wa pwani za kaskazini mwa Ulaya huanza kuandika tarehe. Katika Visiwa vya Faroe, tarehe 12 Machi ni siku ya kusherehekea kurudi kwa tjaldur, ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu mwekundu, na nchini Iceland vyombo vya habari hutangaza siku ambayo ndege aitwaye lóa ameonekana kwa mara ya kwanza. Huko Skagen, ncha ya kaskazini ya Denmark ambapo bahari mbili hukutana, watu hukusanyika na darubini kwa sababu ndege wanaofuata nchi kavu hufika mahali inapoishia, wakasita na kuzungukazunguka kabla ya kuvuka maji. Wote hao wanamsubiri ndege wa kwanza wa majira ya kuchipua. Sisi tulioko Dodoma tuna nusu ya pili ya kazi hiyo, nayo haina watu wengi wa kuifanya: kuandika ndege wa mwisho.

Kutoka Dodoma hadi Skagen ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kama ndege angeruka bila kupinda njia. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, huonekana juu ya mashamba ya mpunga ya Bahi mwishoni mwa Machi, na ndege wa jamii hiyohiyo hufika Denmark kwa wingi mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei. Tarehe za kufika kwao zimeandikwa kwa vizazi vingi. Tarehe za kuondoka kwao katikati ya Tanzania zimeandikwa kwa uchache sana, na bila hizo hakuna anayeweza kueleza vizuri kama ndege aliyechelewa kufika alichelewa njiani au alichelewa kuondoka. Mwongozo huu unaeleza namna mkazi wa Dodoma, mwenye darubini ya kawaida na daftari, anavyoweza kuziba pengo hilo.

Hatua ya kwanza: fahamu nani anaondoka, na kwa mfuatano upi

Si kila ndege anayeshangiliwa kaskazini hupita kwetu. Tjaldur wa Faroe na lóa wa Iceland hukaa miezi ya baridi magharibi mwa Ulaya, hasa Uingereza na Ireland, na ndiyo sababu huwahi kurudi. Wanaokuja Afrika Mashariki ni wengine, nao hurudi kwa zamu.

Wa kwanza kuondoka ni ndege wakubwa wanaotegemea hewa ya moto inayopanda. Korongo mweupe (Ciconia ciconia) na tai wa nyika za Asia (Aquila nipalensis) huanza kuelekea kaskazini Februari na Machi. Machi yote, ndege wa tope na maji ya kina kifupi hula sana wakijiwekea mafuta ya safari, na mbayuwayu huanza kukusanyika kwenye nyaya za umeme. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Aprili ndipo pilikapilika hufikia kilele: keremkerem wa Ulaya, kambu wa Ulaya, mbwigu wa mgongo mwekundu na kozi wadogo wafuatao kumbikumbi. Mwishoni mwa Aprili hubaki mbayuwayu wachache na ndege wadogo wa vichakani, na Mei ni mwezi wa waliochelewa.

Msomaji anaweza kuuliza ndege hao wanajuaje kwamba wakati umefika, ilhali hapa kwetu urefu wa mchana kati ya Desemba na Juni haupishani hata kwa saa moja kamili. Mwanasayansi wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wa jamii ya Phylloscopus trochilus katika vyumba ambamo mwanga na giza viligawanywa sawasawa, saa 12 kwa saa 12, miezi nenda miezi rudi. Bila dalili yoyote ya majira, ndege hao waliendelea kubadilisha manyoya na kukosa utulivu usiku kwa nyakati zinazokaribiana na za wenzao walioko porini. Kalenda imo ndani ya miili yao. Hata hivyo siku halisi ya kuondoka hutegemea pia mafuta waliyojiwekea, mvua na upepo, na hapo ndipo kumbukumbu zetu zinapopata thamani, kwa kuwa mvua ya Dodoma haifanani mwaka hadi mwaka.

Hatua ya pili: chagua mahali pamoja, kisha usipahame

Kosa la watazamaji wengi wapya ni kutaka kwenda kila mahali. Kwa kazi hii ni afadhali bwawa dogo unalolifikia kila Jumamosi kuliko ziwa kubwa unaloliona mara moja kwa mwaka. Chagua mahali ambapo nauli ya daladala au bodaboda haitakushinda kwa muda wa miezi minne mfululizo.

Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki mwa jiji, ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa wengi. Lina maji ya wazi, mashamba ya zabibu na mtama karibu, na vichaka vya migunga ambamo ndege wa nchi kavu hupumzika. Kumbuka kwamba Machi na Aprili bwawa huwa limejaa, tope la kandokando hufunikwa, na ndege wa tope hutawanyika kwenda kwenye madimbwi ya muda na malambo ya mifugo. Usipowaona ukingoni, tembea hadi kwenye madimbwi hayo kabla ya kuandika kwamba hawapo.

Bahi, magharibi mwa jiji kando ya barabara kuu ya Singida, ina mashamba ya mpunga na ardhi oevu pana, na ni mahali pazuri sana kwa korongo, mbayuwayu na ndege wa miguu mirefu. Mtera, kusini kwenye barabara ya Iringa, ina eneo kubwa la maji lakini pia viboko na mamba, na umbali wake unafanya ziara za kila wiki kuwa ngumu kwa mkazi wa mjini. Wasomaji wa Singida wana bahati ya kuwa na maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai kando kabisa ya mji wao. Aliyeko Dodoma mjini bila usafiri asikate tamaa: vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, miti ya Mlimwa, au uwanja wa shule wenye nyaya za umeme na migunga kadhaa vinatosha kwa mbayuwayu, keremkerem na mbwigu.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini yenye alama ya 8×40 au 8×42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ambao huamua kiasi cha mwanga kinachoingia. Darubini ya 8 hutikisika kidogo mkononi kuliko ya 12, na kwa ndege wanaoruka hilo ni jambo kubwa. Chukua daftari gumu na penseli, kwa kuwa wino huchujuka mvua ikinyesha. Ongeza maji ya kunywa, kofia, buti za mpira, na kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye michoro. Simu yenye kamera ni msaada, lakini picha haitoshi kuchukua nafasi ya maelezo ya maandishi.

Hatua ya nne: ruhusa na usalama

Dodoma ni makao makuu ya nchi, na darubini ni kifaa kinachozua maswali. Usiielekeze kamwe kwenye majengo ya Serikali, maeneo ya jeshi, uwanja wa ndege wala Ikulu ya Chamwino, hata kama ndege adimu ametua juu ya ukuta. Vijijini, anza kwa kupita ofisi ya kijiji na kujitambulisha kwa mwenyekiti au afisa mtendaji. Wenye mashamba wana sababu za kumshuku mgeni anayetazama ardhi yao na kuandika. Mwambie mzee utakayemkuta, baada ya kumwamkia shikamoo, kwamba unahesabu ndege wanaosafiri kwenda Ulaya na Asia, mwonyeshe daftari, na mpe darubini naye atazame. Mara nyingi yeye atakueleza mambo ambayo hukuyajua, kwa mfano siku ambayo korongo walionekana mara ya mwisho shambani kwake. Muulize pia jina la ndege huyo kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, uliandike kama anavyolitamka.

Mabwawa ya majitaka huwavutia sana ndege wa tope, lakini yasiingiwe bila kibali cha mamlaka inayoyasimamia. Katika mapori ya akiba kama Swagaswaga, ruhusa hutoka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Usiingie kwenye maji yaliyotuama bila buti, kwa sababu ya kichocho. Na mahali palipopuliziwa dawa ya kuua kwelea kwelea pasikaribiwe, wala ndege aliyekufa hapo asiokotwe na mtu, achilia mbali kuliwa. Tai na kozi wanaokula mizoga hiyo hudhurika, na binadamu pia.

Hatua ya tano: saa ya kwenda

Mwishoni mwa Machi jua la Dodoma huchomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi. Uwe umeshafika wakati huo. Mbwigu na ndege wadogo wa vichakani husafiri usiku na kushuka alfajiri, kwa hiyo asubuhi inayofuata usiku wa mvua kubwa ni ya kutiliwa maanani kuliko zote: mvua huwashusha waliokuwa wakipita juu, na kichaka kilichokuwa kitupu jana kinaweza kuwa na mbwigu kila tawi. Mbayuwayu na keremkerem husafiri mchana, na wanaonekana vizuri saa mbili za mwanzo na saa mbili za mwisho za siku.

Kwa korongo na tai mpango ni tofauti. Wao hawaruki mpaka ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda, kwa hiyo watazame kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ukikagua anga iliyo juu ya vilima kipande kwa kipande. Alasiri baada ya mvua, kumbikumbi wakitoka, simama mahali pa wazi: kozi, mbayuwayu na hata tai hushuka kuwala, na katika nusu saa unaweza kuona jamii ambazo umezitafuta wiki nzima.

Hatua ya sita: tambua mgeni kutoka kwa mwenyeji

Hapa ndipo kazi yote inapoweza kuharibika, kwa sababu karibu kila ndege wa kaskazini ana ndugu yake mkazi wa hapahapa. Tarehe ya mwisho ya mbayuwayu haina maana kama uliyemwona ni yule anayeishi chini ya daraja mwaka mzima. Nitaeleza jozi ambazo mtazamaji wa Dodoma atakutana nazo zaidi.

Mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica) ana koo la rangi ya kutu, ukanda mpana mweusi wa kibuluu kifuani, tumbo jeupe au la maziwa, na mgongo wa buluu iliyokolea hadi mkiani. Machi wazima wanamaliza kubadilisha manyoya, na ncha mbili ndefu za mkia huonekana wazi. Yule mwenye kofia nyekundu kichwani na tumbo jeupe pepe, anayeruka karibu na maji, si huyo. Vivyo hivyo yule mwenye michirizi mingi kifuani na kiuno chenye rangi ya kutu. Wote wawili ni wenyeji. Tena, ndege mweusi mwenye mabawa yaliyopinda kama mundu, ambaye kamwe hatui kwenye waya, ni teleka, na aandikwe peke yake.

Keremkerem wa Ulaya (Merops apiaster) husikika kabla ya kuonekana. Sauti yake ni mluzi laini unaotetemeka, na kundi likipita juu sana utasikia sauti nyingi zikiitikiana. Ana utosi na mgongo wa kahawia iliyoiva, koo la njano lenye mpaka mweusi, na kifua cha buluu ya kijani. Keremkerem mdogo mkazi ni wa kijani, hukaa wawiliwawili kwenye vijiti vifupi, wala haruki juu kwa makundi.

Kambu ndiye ninayewasihi wasomaji wamtazame kwa uangalifu kuliko wote. Mkazi wetu, anayependwa na kila anayepita barabarani, ana kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu yanayotokeza mkiani. Kambu wa Ulaya (Coracias garrulus) ana kichwa na sehemu yote ya chini ya buluu iliyopauka, mgongo wa kahawia, na mkia usio na nyuzi hizo ndefu. Mwanzoni mwa Aprili huonekana makundi makubwa yakipita mashariki mwa nchi yetu kuelekea Pembe ya Afrika, na wale wanaopita katikati ya nchi wanahitaji kuandikwa hata akiwa mmoja. Tahadhari moja: kambu mchanga wa hapa naye hana nyuzi mkiani, kwa hiyo amua kwa rangi ya kifua, usiamue kwa mkia peke yake.

Mbwigu wa mgongo mwekundu (Lanius collurio) dume ana kichwa cha kijivu, barakoa nyeusi machoni na mgongo wa kahawia nyekundu. Jike ni wa kahawia mwenye vimistari kama magamba kifuani. Hukaa juu ya tawi la wazi la mgunga na kushuka chini kumnyakua panzi. Mbwigu wakazi ni weusi na weupe na wana mikia mirefu.

Kwa korongo, angalia mdomo. Korongo mweupe ana mdomo mwekundu na miguu myekundu. Korongo mweupe mwenye mdomo wa njano na uso mwekundu ni mkazi wa mabwawa yetu. Korongo mweusi mwenye tumbo jeupe, anayejaa mashambani kwa mamia wakati wa mvua (Ciconia abdimii), naye ni msafiri, lakini safari yake inaishia kusini mwa Sahara, anakozalia. Mwandike vizuri, ila usimhesabu miongoni mwa wanaokwenda Ulaya.

Ndege wa tope huwatisha wanaoanza, na si lazima uwajue wote mwaka wa kwanza. Anza na wawili. Actitis hypoleucos hutikisa mkia bila kuchoka, na weupe wa tumbo lake hupanda kama kabari mbele ya bega; akiruka huenda chini juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokakamaa. Tringa glareola ana mgongo wenye madoa meupe mengi, mstari mweupe juu ya jicho, miguu ya njano ya kijani, na akishtuka huruka juu akitoa sauti kali ya haraka inayorudiwa mara tatu hivi, huku kiuno cheupe kikionekana. Baada ya hao ongeza Calidris minuta, mdogo kuliko wote, anayeelekea kwenye nyanda za baridi karibu na Aktiki. Machi na Aprili wengi hubadilisha mavazi: aliyekuwa wa kijivu Januari anaanza kupata wekundu na weusi, kwa hiyo picha ya kitabuni isipofanana kabisa na unayemwona, tazama umbo, miguu na mwendo kwanza, rangi baadaye. Usipokuwa na hakika, andika “ndege mdogo wa tope, hakutambuliwa.” Hiyo ni kumbukumbu halali. Jina la kubahatisha huharibu kazi ya miaka.

Hatua ya saba: andika, na uandike sifuri

Ndege wa kwanza hujitangaza mwenyewe: jana hakuwepo, leo yupo, tarehe inaandikwa. Ndege wa mwisho hatambuliki siku anayoonekana. Unajua kwamba alikuwa wa mwisho baada tu ya kurudi mahali palepale wiki iliyofuata, na ile iliyofuata tena, ukamkosa. Kwa hiyo tarehe ya mwisho yenye kuaminika huundwa na ziara ulizoona ndege pamoja na ziara ulizomtafuta usimpate. Mtu anayeacha kwenda bwawani kwa sababu “wameshaondoka” ameitupa nusu ya kumbukumbu zake. Endelea angalau wiki tatu baada ya kumwona uliyedhani ni wa mwisho, na kila mara uandike sifuri mbele ya jina lake.

Kila ziara iandikwe mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, umbali uliotembea, hali ya hewa, hali ya maji, kisha ndege na idadi yao. Makundi makubwa yahesabiwe kwa mafungu: hesabu ndege 10 kamili, ujue ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha ulinganishe na kundi zima. Andika pia walichokuwa wakifanya, hasa upande waliokuwa wakielekea. Ukurasa unaweza kuwa hivi, kwa mfano:

Hombolo Bwawani, ukingo wa magharibi. 5 Aprili. 07:05 hadi 08:20. Mawingu nusu ya anga, upepo hafifu wa mashariki, mvua ilinyesha usiku. Maji yamejaa, tope kidogo kwenye lambo la ng’ombe. Mbayuwayu wa Ulaya takriban 60, wote wakielekea kaskazini. Keremkerem wa Ulaya 14, walisikika kabla ya kuonekana. Mbwigu mgongo mwekundu, madume 3 na jike 1. Tringa glareola 2. Kambu wa Ulaya 0. Korongo mweupe 0.

Kuhusu saa, naomba msomaji asipite haraka. Kumbukumbu zetu zitasomwa na watu wasiohesabu saa kama sisi. Saa 1 na dakika 10 asubuhi kwetu ni 07:10 kwao, na ukiandika “1:10” bila maelezo, mbayuwayu wako atakuwa ameruka usiku wa manane. Makosa ya saa 6 za namna hiyo hayagunduliki kwa urahisi baada ya daftari kupelekwa mbali. Tumia mfumo wa saa 24 tangu ukurasa wa kwanza. Mwezi nao uandikwe kwa jina lake, kwa sababu 4/5 husomwa Aprili na baadhi ya watu na Mei na wengine, na kwa mwongozo huu miezi hiyo miwili ndiyo kila kitu.

Hali ya upepo nayo ina uzito. Kaskazi ikilegea na kusi kuanza kushika zamu mwezi Aprili, ndege wanaokwenda kaskazini kupitia pwani hupata upepo wa mgongoni. Kwetu bara mabadiliko hayo hayako wazi kama Tanga au Zanzibar, lakini mtazamaji anayeandika upande wa upepo kila wiki ataweza kulinganisha daftari lake na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na huenda akaona kwa nini Aprili ya mwaka mmoja ilimwaga keremkerem wengi na ya mwaka mwingine haikuleta hata mmoja.

Hatua ya nane: peleka kumbukumbu mahali zinapotumika

Daftari lililofungiwa kabatini halimsaidii anayesimama Skagen. Njia rahisi ni programu ya eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayopatikana bure kwenye simu. Unapomaliza, itakuuliza kama umeorodhesha ndege wote ulioweza kuwatambua. Jibu ndiyo ikiwa tu ni kweli, kwa sababu jibu hilo ndilo linalogeuza kila jina lisiloandikwa kuwa sifuri. Nchini, Tanzania Bird Atlas imegawanya nchi katika miraba ya nusu digrii na kukusanya taarifa za ndege kwa kila mraba na kila mwezi. Miraba ya katikati ya nchi haitembelewi sana kama ile ya kaskazini yenye watalii, kwa hiyo orodha ya Aprili kutoka Chemba au Bahi ina uzito wake. Shirika la Nature Tanzania ni mahali pengine pa kupata wenzako katika kazi hii. Wale wenye shule au vikundi vya vijana waandae daftari moja la pamoja, likae mahali pamoja, na jukumu la kila wiki liwe na jina la mtu.

Ukimpata ndege mwenye pete

Mwaka 1899, mwalimu wa Kidenmark Hans Christian Cornelius Mortensen aliwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani, na tangu hapo safari nyingi zimejulikana kwa sababu mtu wa mbali aliisoma pete na kuandika barua. Mbayuwayu aliyevishwa pete nchini Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kabla ya pete kulikuwa na ushahidi wa kuhuzunisha zaidi: mwaka 1822 korongo mweupe alipigwa risasi karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa bado na mshale wa Kiafrika uliomchoma shingoni, na mwili wake umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo.

Ukimwona ndege hai mwenye pete za rangi, andika kila rangi, mguu upi, na mpangilio kutoka juu kwenda chini. Ukimkuta amekufa, usimshike kwa mikono mitupu kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege. Funika mkono kwa mfuko, piga picha ya pete pande zote mpaka namba na anwani zisomeke, na upeleke taarifa kwa EURING, umoja unaoratibu kazi ya kuvisha ndege pete barani Ulaya, au kwa anwani iliyoandikwa kwenye pete yenyewe, pamoja na mahali, tarehe na namna alivyopatikana. Usimkamate ndege hai ili usome pete yake: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahitaji kibali kwa jambo hilo, na ndege aliyejiwekea akiba ya mafuta kwa safari ya mwezi mzima hapaswi kuipoteza akipapatika mkononi.

Lini kufunga msimu

Kwa mbayuwayu, keremkerem, kambu na mbwigu, ziara za mwisho ziwe mwishoni mwa Mei. Ndege wa tope wana utaratibu wao: wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa baadhi yao hubaki Afrika mwaka mzima, kwa hiyo Tringa glareola au Actitis hypoleucos mmoja anayeonekana Juni si lazima awe mgonjwa wala aliyechelewa. Mwandike pamoja na hali ya manyoya yake, na kwa jamii hizo tafuta tarehe ambayo idadi ilishuka kwa ghafla badala ya kumtafuta wa mwisho kabisa. Wazima wa kwanza huanza kurudi mwishoni mwa Julai na Agosti, wakati maji ya Hombolo yanapungua na tope linajitokeza ukingoni, na ziara za kila wiki zianze tena wakati huo.